Hojaji 200 zimetoka, zimerudi 120: ufanyeje?

Dadangu, hesabu yako ya Yamane, ile kanuni ya kupata idadi ya watu wa kuhojiwa, ni sawa: walimu 400 wa Likoni na Kisauni, ukigawa kwa 1 + 400 × 0.05² (0.05 ni kosa la asilimia 5 unalolikubali), yaani 2, unapata 200. Lakini hizo 200 ndizo zinazotakiwa kurudi. Ukitarajia asilimia 80 wajibu, unasambaza hojaji 250.

Tafadhali usijaze pengo kwa walimu wowote utakaowakuta kirahisi. Wasiojibu mara nyingi ndio wenye vipindi vingi, au waliochoshwa na jambo lile lile unalolichunguza. Ukiwaacha, matokeo yanaelemea upande mmoja, na kuongeza idadi hakuyanyooshi. Rudi kwa wale wale 80 kwa kufuata namba ulizoweka pembeni mwa hojaji badala ya majina. Nenda saa ya mapumziko ya chai, si Ijumaa adhuhuri wala wiki ya mitihani, na uchukue nakala mpya mkononi. Nyingi zitakuwa zimepotea. Waliochelewa waingize kwenye safu yao ya pekee katika jedwali la data, kisha linganisha majibu yao na ya waliowahi.

Zikibaki 120, andika wazi kwamba waliojibu ni asilimia 60 na kwamba kosa la makadirio, yaani kiasi ambacho matokeo yanaweza kupishana na hali halisi ya walimu wote, limepanda kutoka asilimia 5 hadi kama 7.6.