Soma vumbi kabla ya kulipuliza

Mdogo wangu unayeanza ufundi wa kompyuta, mashine ikiletwa imejaa vumbi, mkono hukimbilia blowa. Subiri kwanza. Fungua kifuniko cha ubavuni, washa tochi ya simu, utazame vumbi limekaa wapi. Palipo na vumbi jingi ndipo hewa inapoingilia, na ukishalipuliza umefuta ushahidi wote.

Hili nilifundishwa na mashine moja ya steshenari pale Dodoma. Ilikuwa kompyuta ya ofisini iliyotumika, ya zile zinazoletwa kutoka Ulaya na Dubai. Mwenye duka, mama mmoja mtaratibu, aliniambia, "Fundi, asubuhi inapiga kazi vizuri. Ikifika saa nane mchana inazima kama imekatiwa umeme." Fundi aliyenitangulia alikuwa ameshabadilisha pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, na mama alikuwa ameshalipa.

Nilipofungua, feni ya mbele ilikuwa na vumbi dogo tu. Vumbi lenyewe lilikuwa nyuma: vibati viwili vya kuziba matundu ya kadi vilikuwa vimepotea, na kingo za matundu hayo zimeota vumbi jekundu kama manyoya. Nikatazama mashine ilipokuwa imekaa. Mbele yake yalikuwa yamepangwa maboksi ya karatasi, yamegusa kabisa uso wa kasha. Hewa ilikosa njia ya mbele, basi feni ya nyuma ikawa inavuta kupitia matundu yale ya jirani na kuitoa papo hapo. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, haikuwa inapata kitu. Asubuhi chumba kina ubaridi, inavumilia. Jua likipanda, prosesa inafika karibu nyuzi 100 na mashine inajizima kujiokoa.

Niliziba matundu kwa bati, nikahamisha maboksi, nikainua kasha kutoka sakafuni na kuliacha kiganja kizima mbali na ukuta. Feni mpya sikununua hata moja.

Kwa hiyo, kabla hujamuuzia mteja feni, hakikisha hewa ina mlango wa kuingilia na wa kutokea, na kwamba katikati inapita juu ya kitu chenye joto. Kwa kawaida huingilia mbele chini na kutokea nyuma juu. Ukifunga feni, upande wenye miguu inayoshika mota ndiko upepo unakotokea. Bado pima kwa kipande cha tishu: kikinata, hapo inavuta; kikipepea, inatoa. Na mashine za ofisini nyingi zina kikombe cha plastiki kinachopeleka hewa moja kwa moja kwenye prosesa. Nimekuta mafundi wamekitupa kwa kuona kinasumbua kufungua. Kirudishe.

Kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya mwaka wa kwanza ni kumshauri mteja aache ubavu wazi na kuelekeza feni ya mezani. Joto lilishuka wiki ile. Baada ya miezi miwili mapezi ya kupozea prosesa yalikuwa yameziba pi, kwa sababu feni ile ilikuwa inamwagia vumbi la chumba kizima. Nilisafisha bure, kwa kuwa deni lilikuwa langu.

Dawa ya vumbi ni kulizuia mlangoni. Feni za kuingiza ziwe na nguvu kuliko za kutoa, na mlango wao uwe na chujio. Hapo ndani panajaa hewa, na penye upenyo itatoka badala ya kunyonya vumbi. Kwa chujio mimi hutumia soksi ndefu ya nailoni ya kina mama, ikivutwa safu moja juu ya wavu wa mbele, kwa nje ili ivuliwe kirahisi. Chandarua matundu yake ni makubwa mno kwa vumbi laini la kiangazi. Kitambaa kizito kinakaba hewa. Ukishaiweka, pima joto tena wakati mashine inafanya kazi. Likipanda sana, chujio lako ni zito.

Kusafisha kwenyewe: chomoa waya, bonyeza swichi sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, toka nje. Shika mapanga ya feni kwa kidole unapopuliza, yasizunguke kwa kasi yakaua feni. Kisha ing'oe feni ya prosesa, maana vumbi baya limejificha chini yake, limejifuma kama blanketi juu ya mapezi. Ukipuliza kwa juu hulifikii. Ukiinua mapezi yenyewe, futa pesti ya zamani, ile inayopitisha joto kutoka kwa prosesa, kwa spiriti na uweke mpya, kiasi cha punje ya dengu. Pawa saplai ipulizie kutoka nje tu, usiifungue. Ndani yake umeme hubaki hata ikichomolewa. Ukiwa Tanga au Dar, unyevu hufanya vumbi linate, kwa hiyo tangulia na brashi laini.

Kwa yule mama nilirudi baada ya miezi mitatu. Alikuwa ameacha kufagia kavu, anadeki. Soksi niliyoivalisha mashine yake ilikuwa nyekundu kama udongo wa nje. Nilipofungua, mapezi yalikuwa bado yanang'aa. Tuliifua ile soksi kwenye beseni, ikakauka wakati tunakunywa chai, nikairudisha.