Mizani moja, itifaki tatu: kwa mnaoanza kazi ya mifumo Mbeya

Wadogo zangu mnaotoka chuoni, zoeeni mapema kwamba mfumo mmoja unaweza kuwa na itifaki (kanuni za mawasiliano kati ya mashine) tatu ndani yake. Chukua ununuzi wa majani mabichi ya chai Rungwe. Mizani ya kituoni hutuma ujumbe kwa MQTT, itifaki iliyobuniwa mwaka 1999 kufuatilia mabomba ya mafuta kwa setilaiti, kwa hiyo mtandao dhaifu hauisumbui sana. Programu ya malipo mjini inatumia AMQP, iliyoanzia benki ya JPMorgan Chase mwaka 2003. Skrini ya meneja inasoma kwa STOMP kupitia kivinjari.

Broka, yaani programu ya kati inayopokea na kusambaza ujumbe, kama RabbitMQ inazipokea zote, ukiwasha viongezi (programu za nyongeza) vyake. Kuwasha ni rahisi. Shida ni kwamba broka hutafsiri ujumbe lakini haivushi kila ahadi ya itifaki.

Majina ni jambo dogo: mkwaju (/) wa MQTT hugeuka nukta upande wa AMQP, chai/tukuyu/mizani4 inakuwa chai.tukuyu.mizani4. Basi usiweke nukta ndani ya jina.

Kazi iko kwenye uhakika wa kufika. MQTT ina ngazi 0, 1 na 2. Ya 2 huahidi ujumbe kufika mara moja tu. RabbitMQ haiitekelezi. Ukiomba 2 unapewa 1, yaani ujumbe utafika angalau mara moja. Sasa mvua inyeshe Tukuyu (na haijui kunyesha kidogo), mtandao ukatike kabla mizani haijajibiwa: itatuma tena, na kilo 38 za mama mmoja zitaingia mara mbili. Mhasibu atakuja kwenye meza yako, hataenda kwa broka.

Kwa hiyo kila upimaji uwe na namba yake ya kipekee, itolewe na mizani yenyewe. Usitegemee namba ya pakiti ya MQTT. Ni ya biti 16, hutumika tena na tena, na inaishia kwa broka. Yako iandike ndani ya ujumbe wenyewe, maana MQTT 3.1.1 haina nafasi ya sifa za ziada. Zilikuja na toleo la 5. Kwenye hifadhidata ya malipo weka sharti kwamba namba hiyo isijirudie. Saa ya kupima nayo iandikwe na mizani, kwani mtandao ukirudi jioni, jumbe za asubuhi zitamiminika zote pamoja.

Kabla ya kupeleka kituoni, jaribu ofisini: kata mtandao mizani ikiwa katikati ya kutuma, urudishe, kisha uhesabu mistari kwenye jedwali la malipo.