Ndege huyu akigonga ndege hii

Humu "ndege huyu" ni mwenye manyoya, "ndege hii" ni ya rubani. Lugha yetu imetusaidia.

Ndege yangu ni ndogo na haikimbii sana. Je, kugongana na ndege mmoja ni hatari kweli?

Njiwa, mara chache. Tumbusi mwenye kilo kadhaa ni habari nyingine. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya pigo huwa mara nne, na vioo vya ndege nyingi ndogo ni plastiki nyembamba isiyofanana na kioo cha ndege kubwa ya abiria. Mwaka 1912 Calbraith Rodgers, wa kwanza kuivuka Marekani kwa ndege, aligongana na shakwe huko California, akaanguka na kufa.

Nikiona kundi mbele, nipite juu au chini?

Juu, kama una mwendo wa kutosha, kwa sababu ndege aliyeshtuka mara nyingi hujitupa chini. Lakini usivute usukani kwa pupa mpaka mabawa yashindwe kukubeba.

Kioo kikivunjika angani, nianzie wapi?

Endelea kurusha ndege! Upepo utaingia kwa kishindo, redio hutaisikia, na usoni utakuwa na damu ambayo huenda si yako. Wengi hupotelea hapo, wakihangaika na kioo huku pua ya ndege ikishuka. Punguza mwendo ili upepo upungue, inama nyuma ya dashibodi, linda macho. Miwani ya kawaida tu husaidia sana. Kisha, ukiwa bado juu, jaribu usukani na pedali taratibu. Bawa likibonyea mbele haliinui kama zamani, kwa hiyo tua kwa mwendo wa juu kidogo kuliko kawaida. Injini ikitetemeka, shuku propela. Nenda uwanja wa karibu, si ule uliopanga. Nawasihi wanafunzi wote walipitie hili kichwani kabla ya kuwasha injini.

Kugongana huku hutokea zaidi kimo gani?

Chini ya futi 3,000, hasa wakati wa kuruka na kutua. Washa taa za kutua hata mchana.

Ndege yangu ikiwa imeegeshwa, kuna hatari?

Ipo, na inasahaulika mno. Ndege wanaweza kujaza nyasi kavu ndani ya kifuniko cha injini kwa saa chache tu, na nyasi hizo zikipata joto huwaka. Mulika humo kwa tochi kila unapotaka kuruka, hata kama ulikagua asubuhi.