Mkeo hajapoa, mkeo hajalala

"Shangazi shikamoo. Nina miaka 34, nina mke na watoto wawili, nimekuja kufanya kazi nje huu ni mwezi wa 5, mkataba wangu ni wa miaka 2. Mwanzoni nilifurahi ila sasa nyumbani napakumbuka mpaka nalia, sili vizuri, watu wa huku hawana salamu hawana utu. Nikitoka kazini saa 11 jioni naingia chumbani nampigia mke wangu vidio, tunaongea hata masaa 2 ndo roho inatulia. Tumepishana masaa 7, wao wako mbele. Tatizo mke wangu amebadilika. Siku hizi ananijibu mmh, sawa, haya, kamera anazima, nikimwambia aiwashe anionyeshe chumba anakasirika, na mchana akiwa kazini hajibu meseji zangu. Mama yangu ameniambia siku hizi anachelewa kurudi nyumbani. Nimemwambia nataka kuacha kazi nirudi, akasema nivumilie kwanza tuongee vizuri, mimi naona anachotaka ni hela tu. Wenzangu ninaokaa nao wananiita tutoke Jumapili sina mudi, sitaki marafiki nataka familia yangu. Nirudi au nivumilie? Mpweke Ugenini."

Marahaba mwanangu, na pole. Mwanaume kulia kwa kuwakumbuka watoto wake sio aibu, na hii hali sio ya kuigiza. Mwaka 1688 huko Basel, Uswisi, Johannes Hofer aliiandikia tasnifu nzima ya udaktari, humo akaeleza habari za kijana aliyetoka Bern kwenda kusoma Basel, miji ya jirani tu, akaugua kwa kuwaza kwao mpaka ikaonekana anakufa, na walipomuanzishia safari ya kurudi nyumbani akaanza kupata nafuu akiwa bado njiani. Kwa hiyo kama kuna mtu anakwambia unadeka usimsikilize. Nakuamini kabisa kwamba unaumwa kwa kuwaza nyumbani.

Pole yangu inaishia hapo maana kwenye hiyo barua kuna mtu mwingine anaumia na wewe hujamuona.

Umesema unatoka kazini saa 11 jioni na mkeo yuko mbele masaa 7. Hebu hesabu. Saa 11 yako ya jioni kwake ni saa 6 usiku. Unampigia usiku wa manane, mnaongea masaa 2, anakata simu saa 8 usiku, alfajiri aamke aandae watoto wawili waende shule kisha na yeye aende kazini, huyo mtu analala masaa mangapi? Masaa matatu labda, akipata usingizi haraka. Na sio siku moja, wewe mwenyewe umeandika ndo utaratibu wako ukitoka kazini. Hizo mmh na sawa na haya unazozisikia ni za mtu anayesinzia na simu mkononi. Kamera anazima kwa sababu amelala kitandani taa imezimwa na mtoto pembeni, we unataka aamke awashe taa akuzungushie chumba. Ningekuwa mimi ningekasirika kabla yake. Miezi mitano mwanamke anakesha kukubembeleza halafu malipo yake unamwandikia shangazi kwamba kakuchoka, hapana mwanangu, hapo mimi nipo upande wa mkeo na sifichi.

Na hilo la "nionyeshe chumba" tuliseme kwa jina lake maana umelipitisha katikati ya majonzi kana kwamba ni sehemu ya majonzi. Mtu aliyekumbuka nyumbani anauliza mtoto ameshang'oka lile jino lililokuwa linacheza, anauliza mwalimu kasemaje, anataka kusikia nyumba inavyopiga kelele. Anayetaka kuonyeshwa pembe za chumba saa 7 usiku anatafuta mtu aliyejificha. Hiyo ni tuhuma, na mkeo kaielewa ndo maana kakasirika. Ulipoondoka ulimuaga mke unayemuamini, hakuna kitu umekitaja kwenye barua alichofanya kikavunja huo uaminifu, ila upweke wa huko umekaa nao chumbani peke yako mpaka umeanza kukutungia hadithi.

Sasa mama. Mama kasema anachelewa kurudi. Anachelewa kutoka wapi? Umeuliza? Maana mlikuwa wawili kwenye hiyo nyumba, kila ulichokuwa unakifanya wewe, kufuata watoto, kuhangaikia bili, kukimbia na mgonjwa hospitali, kusimama na fundi, sasa hivi kimeangukia kwa mtu mmoja na saa za siku hazijaongezeka. Lazima achelewe. Sisemi mama yako ana nia mbaya, mama anamuona mwanae analia mbali na anatafuta wa kumlaumu, ila wewe ndo wa kujua habari ya mkwe na mama mkwe haisikilizwi upande mmoja. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na hapo hata nyoka mwenyewe hayupo.

Halafu unasema anataka hela tu. Maneno yake umeyaandika kwa mkono wako: "vumilia kwanza tuongee vizuri". Mwanamke anayetaka hela angekwambia vumilia akaishia hapo. Huyu anataka muongee, vizuri, yaani muda ambao ana akili timamu na wewe hulii. Umemfanya dawa ya kutuliza unayoimeza kila jioni, na dawa haiulizwi imelala saa ngapi. Ni lini mara ya mwisho ulimuuliza siku yake imekwendaje ukakaa kimya ukasikiliza jibu lote?

Tuje kwako sasa. Mwaka 1954 kule Rio de Janeiro, Brazili, mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alitoa mhadhara kuhusu wanaohamia ugenini, akaupanga kwa vipindi, mwanzo mtu anakuwa kama yuko fungate, kila kitu kizuri, inaweza kuchukua siku chache na inaweza kuchukua hata miezi 6, halafu kinakuja kipindi anawachukia wenyeji, anaona hawana maana, anajifungia na watu wa kwao kazi ni kuwasema, na nyumbani kunageuka pepo isiyo na kasoro. Akimaliza hapo ndo anaanza kuijua lugha, kuijua mitaa, mwisho anazoea. Sio kila mtu anafuata huo mpangilio, wengine wanaumia tangu siku wanashuka kwenye ndege, lakini soma barua yako tena, ulifurahi mwanzoni, mwezi wa 5 watu hawana utu. Upo katikati kabisa ya kipindi kibaya, na unataka kuamua maisha ya watu wanne ukiwa humo humo.

Na hao watu wasio na utu, kuna wanaokuita kila Jumapili! Umeishi na watu wanakugongea mlango wewe unasema sina mudi, sitaki marafiki. Kumbe salamu zipo ila umezifungia nje. Nakuelewa, unaona ukicheka huko ni kama unawasaliti wa nyumbani, wengi walioko mbali wana hilo wazo hata kama hawalisemi, wanaona lazima wateseke ili iwe ushahidi kwamba wanapenda. Watoto wako hawashibi huzuni yako. Wakimuona baba kwenye simu macho mekundu, wataanza kuogopa simu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na we uko mwezi wa 5 bado umekaa kigeni, umeshika jembe la kazi tu, la kuishi hujaligusa. Toka na hao wenzako. Hata kama hutafurahi mara ya kwanza, toka na mara ya pili. Jifunze lugha ya hapo zaidi ya ile ya kazini, jifunze kutania na kununua na kuuliza njia, maana mtu asiyeweza kutania kwa lugha ya watu daima atawaona wana roho mbaya. Tafuta nyumba ya ibada kama ni mtu wa ibada, au mchezo. Ule ule muda wa saa 11 jioni ndo mbaya kwako kwa hiyo usiende chumbani, tembea hata saa moja kabla hujaona kitanda, na ule, mwili wenye njaa unalia zaidi.

Ngoja niseme na hili maana sio lako peke yako. Zamani mtu akisafiri barua inachukua wiki, aliyebaki analala, na aliyeondoka anazoea kwa lazima. Sasa hivi tuna simu mfukoni tukadhani umbali umekwisha, wanandoa wamekuwa walinzi wa kuchungana, kwa nini upo onlaini saa 5, kwa nini umeona meseji hujajibu, hapo nyuma ni sauti ya nani, tuma lokesheni. Ndoa nyingi za mbali naona zinavunjwa na huku kuchungana kuliko na huyo mchepuko anayeogopwa. Mwingine naye anatuma hela mwisho wa mwezi anaona kamaliza ubaba, jina la mwalimu wa mwanae halijui. Na aliyebaki nyumbani wote tunamuona ana raha, hela zinaingia, wakati yeye ndo mjane mwenye mume, akicheka anaambiwa kafurahi mumewe hayupo, akinuna anaambiwa hana shukrani. Ndugu nao wamekaa pembeni wanahesabu saa zake za kurudi. Tunawaonea sana hawa watu na nimechoka kusoma barua zinazowashtaki wao tu.

Basi fanya hivi. Simu za usiku wa manane ziishe wiki hii hii. Kabla hujaenda kazini, saa 12 asubuhi yako, kwake ni saa 7 mchana, mwachie ujumbe wa sauti mfupi, dakika mbili, atausikiliza akipata nafasi na asipojibu mpaka jioni usihoji. Siku yako ya mapumziko ukiamka saa 2 asubuhi wao ni saa 9 alasiri, watoto wako macho, mama yao kapumzika, hapo ndo pa vidio ndefu, na muulize yeye kama muda huo unamfaa usimpangie. Watoto ongea nao mmoja mmoja, uliza vitu vidogo, waambie wakuonyeshe daftari. Kamera ya chumbani usiiongelee tena, na kabla ya yote mwombe msamaha kwa hiyo hesabu ya masaa 7, mwambie nilikuwa nimejifikiria mimi tu.

Kuhusu kurudi. Kuna wanaotakiwa kurudi au kutafuta msaada mara moja na sitaki ushauri wangu wa kuvumilia uwafikie. Kama mwajiri amekushikia pasi ya kusafiria, hakulipi mshahara, hakuruhusu kutoka, hayo Shirika la Kazi Duniani linayahesabu kuwa dalili za kazi ya kulazimishwa, hapo unatafuta ubalozi wako na sio shangazi. Na kama huzuni imekaa zaidi ya wiki 2 mfululizo, kila siku, hulali, huli, hakuna kinachokupa raha, nenda kwa daktari wa huko huko ukamwambie wazi, na ikikujia fikra ya kujidhuru usisubiri hata siku, wagongee hao hao wenzako mlango usiku huo huo wakupeleke. Umesema huli vizuri, kwa hiyo hilo la daktari lichukulie kwa uzito.

Kama hakuna hayo, usiandike barua ya kuacha kazi sasa. Sisemi umalize miaka 2 kwa lazima, kurudi sio dhambi na hakuna hela inayolipa mtu akikongoroka. Nasema upe huu utaratibu mpya miezi mitatu, ulale, ule, utoke, kisha ukae na mkeo kwa saa ambayo wote mna akili, mtoe mkataba muusome pamoja, ukivunja unadaiwa nini, likizo inaanza lini, nauli ni ya nani, nyumbani utafanya kazi gani, na mwisho yeye anasemaje. Ujue hata kurudi nako kunahitaji kuzoea, utakuta mwanamke amejifunza kuamua mambo bila kukusubiri na watoto wamezoea neno lake, ukirudi na hizo tuhuma mtagombana ndani ya mwezi na hapo utashindwa kusingizia umbali.

Mama yako usimgombeze. Mpigie wewe, mshukuru kwa kukujali, halafu mwombe siku mbili kwa wiki awafuate watoto shule ili mkeo apate kupumua. Akikuanzia tena habari za kuchelewa, muulize kama hizo siku mbili alikwenda.