Mkono huu ulikuja kuwa wangu lini?

Wiki hii mmeuliza: "Wewe ni mwili wako, au una mwili?" Kiswahili kinavutia upande wa pili. Tunasema "mkono unaniuma": mkono ndio unaotenda, mimi ndiye ninayetendwa, kama wapangaji wawili wa nyumba moja. Nami niliridhika na hilo hadi nilipovunjika mkono wa kulia nikafungwa plasta wiki sita.

Nikaanza kuandika kwa kushoto. Herufi "a" moja ilinitoa jasho, ulimi nje kama mtoto wa chekechea, kila mkunjo nauamrisha peke yake. Damu iliyopita mkononi mle ilikuwa yangu. Mkono wenyewe, bado.

Hegel, mwanafalsafa Mjerumani, alilieleza jambo hili Berlin. Katika Ensaiklopidia yake, kitabu cha muhtasari wa falsafa yake, toleo la 1830, anasema nafsi huufanya mwili kuwa wake kwa mazoea. Hata kusimama wima, kwake, ni kazi ya utashi iliyogeuka mazoea. Darasani alitaja pia kuandika: anayejifunza huangalia kila kitu kidogokidogo, akishazoea, mkono huenda wenyewe na akili hubaki na maana. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lenu ni kwamba mwili nilizaliwa nao, ila kuwa wangu ulikuja polepole, kiungo kwa kiungo.

Hapo namwona Hegel kapungukiwa kidogo, maana katika kurasa hizo mtu anajizoeza kana kwamba yuko chumbani peke yake. Nani aliwahi kusimama hivyo? Mtoto husimama dede kwa sababu kuna shangazi anapiga makofi mbele yake, "dede, dede!", mikono kainyoosha. Fichte, mwanafalsafa Mjerumani aliyemtangulia, alilikaribia zaidi. Huko mjini Jena, mwaka 1796, aliandika kwamba siwezi kujitambua kuwa huru mpaka mwenzangu aniite nitende, na kwamba mwili ndio eneo la uhuru huo, ndio maana mwenzangu hana budi kuuheshimu. Mnyama, anasema, huzaliwa amekamilika. Binadamu huzaliwa hajawa kitu, na huwa binadamu miongoni mwa binadamu tu.

Katikati ya zile wiki sita nilikwenda benki kutoa pesa. Nikasaini kwa kushoto, taratibu, kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kusaini maishani. Keshia akaitazama fomu, akanitazama mimi na plasta yangu, akairudisha dirishani.

"Samahani kaka, hii saini si yako."

Nilitaka kubisha. Nikakosa la kusema.