Bi Fundi Anajibu: Kloki Haitaki Kufuata

Tangu nilipoeleza namna ya kukagua sintesaiza ya moduli iliyotumika kabla hujaitolea pesa, barua nyingi zinafanana: nimeshanunua, taa zinawaka, lakini haitaki kwenda pamoja na vyombo vingine. Kwa mgeni: sintesaiza ya moduli ni chombo cha muziki cha umeme kinachojengwa kwa vipande vinavyounganishwa kwa nyaya, Eurorack ni aina yake mojawapo, sikwensa ni kipande kinachopiga noti hatua kwa hatua, na kloki ni mapigo ya umeme yanayoisogeza. Nimechagua barua nne. Mnaouliza ushuru wa bandarini, waulizeni wanaoagiza mizigo. Huku Magomeni mimi nashughulika na nyaya.

*Shikamoo Bi Fundi. Natengeneza singeli hapa Tandale kwa programu ya FL Studio. Jamaa aliyerudi kutoka Ujerumani ameniuzia kijisanduku cha Eurorack, ndani mna sikwensa ya hatua 8, kloki na moduli mbili za kutoa sauti. Nimechomeka waya kutoka tundu la hedifoni la laptopu hadi tundu la CLK. Nikicheza wimbo wa BPM 240 (biti 240 kwa dakika), sikwensa mara inakimbia, mara inagoma kabisa. Tatizo nini? – Prodyuza, Tandale*

Marahaba mwanangu. Hukusema ulipeleka kitu gani kwenye CLK, lakini hiyo "mara inakimbia, mara inagoma" imeshakusemea: ulipeleka wimbo mzima. Tundu la CLK halijui muziki. Linaangalia volti tu. Ikipanda ikapita kizingiti, linahesabu moja. Kiki, kofi, sauti ya MC, vyote kwake ni mapigo. Pigo la kloki ni kama konda anavyogonga bodi la daladala: halina habari ya mwendo ndani yake, linasema "twende", basi. Kwa hiyo lazima utengeneze chaneli ya kugonga tu, isiyo na kazi nyingine.

Tafuta au chora sampuli ya mraba, fupi, ya milisekunde 5 hivi, sauti juu kabisa. Iweke kwenye hatua zote 16 za pateni. Ondoa swingi (kuyumbisha mapigo makusudi), usiweke ekoo, wala usiipitishe kwenye limita ya masta inayobana sauti ya mwisho. Kwa BPM 240 biti moja ni milisekunde 250, na hatua moja ya kumi na sita ni milisekunde 62.5. Pigo la milisekunde 5 lina nafasi tele humo. Nasisitiza ufupi kwa sababu mbili. Kwanza, kadi ya sauti ya laptopu haipitishi volti iliyotulia. Ukiipa pigo refu, linalegea njiani, kisha likizima linazama chini ya sifuri. Pili, ninyi watu wa singeli mnakwenda kasi ambayo waliobuni vyombo hivi hawakuifikiria. Chombo kinachotoa pigo la milisekunde 15 hakina shida kikitoa mapigo mawili kwa biti. Kiambie kitoe 24 kwa biti katika BPM 240 na nafasi kati ya pigo na pigo ni milisekunde 10.4. Mapigo yanagandana, volti haishuki tena, na sikwensa inasimama huku taa ikiwaka.

Sasa nguvu. Tundu la hedifoni la laptopu mara nyingi halifiki volti 2 kileleni, wakati Eurorack imezoea mapigo ya volti 5 na kuendelea. Matundu mengine yanashtuka hata kwa volti 1, mengine hayajisumbui. Ndiyo maana ilikuwa inafuata na kugoma: ulikuwa unacheza juu ya mstari wa kizingiti. Dawa ni moduli ya kupokea ishara za nje. Doepfer, Wajerumani hao hao walioanzisha Eurorack katikati ya miaka ya 1990, wanayo A-119. Ina amplifaya ndani, ina kizingiti cha kurekebisha, na inakutolea pigo safi upande wa pili. Ukiona pigo linafika lakini sikwensa inachelewa kidogo, kila mara kwa kiasi kilekile, geuza polariti ya sampuli ndani ya FL Studio. Huenda kadi yako inapindua ishara juu chini, na moduli inashtuka kwenye mwisho wa pigo badala ya mwanzo.

Halafu huo waya wako. Tundu la laptopu ni sterio, matundu ya moduli ni mono. Ukichomeka waya wa mono kwenye laptopu, chaneli ya kulia inagusana na ethi. Nunua waya wa Y: upande mmoja plagi moja ya sterio, upande wa pili plagi mbili za mono. Kariakoo umejaa, ila ukague mwenyewe, maana wapo wanaokuuzia waya unaogawa sterio mbili na kuapa ni huohuo. Sasa una chaneli mbili huru. Kushoto peleka kloki, kulia peleka wimbo wenyewe kwa mono. Kwenye spika za mtaani hakuna atakayedai sterio.

Kuna atakayekushauri upeleke kloki kwa MIDI, ile lugha ya kupeana ujumbe ya vyombo vya muziki, kupitia USB. Inafanya kazi, na inakuja na amri zake za kuanza na kusimama. Lakini kompyuta inatuma ujumbe wa MIDI ikipata nafasi, mara mapema kidogo, mara kwa kuchelewa, na kwa BPM 240 ni jumbe 96 kwa sekunde. Pigo lako la sauti limo ndani ya mkondo uleule wa wimbo, haliwezi kuachana nao. Kwa singeli mimi sibadilishi msimamo: tumia sauti.

Siku ukipata kadi ya sauti yenye matokeo manne, ongeza waya wa tatu wa riseti, wenye pigo moja tu mwanzoni mwa kila baa. Kloki huifanya sikwensa isogee, lakini ni riseti inayoiambia hatua ya kwanza iko wapi. Sikwensa nyingi hutaka pigo hilo la riseti lifike kabla kidogo ya lile la kloki. Likichelewa, sikwensa inaweza kupiga hatua moja kisha ikarudishwa ya kwanza, nawe ukasikia kigugumizi kila baa inapoanza.

*Habari yako Bi Fundi. Mimi niko Umoja, Nairobi. Moduli yangu ya kloki ikiwa kwa mpangilio wa kufuata kloki ya nje, inasoma 125 hata nikiwa nimezima laptop kabisa. Nimepitisha waya kwa moduli ya kuongeza nguvu, na gain (kiwango cha kukuza) iko mwisho. Jirani anasema ni ya kuombewa. – Msomaji wa Umoja*

Nzuri, ndugu yangu. Mwambie jirani aweke akiba ya maombi. Mpangilio wako ni wa mapigo 24 kwa biti, sivyo? Stima ya Kenya, kama yetu huku, inapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Mara 60 ni 3,000 kwa dakika. Gawa kwa 24 upate 125. Unapiga muziki kwa mwendo wa umeme wa nchi. Ungekuwa Marekani, ambako ni mara 60 kwa sekunde, ingesoma 150.

Waya mrefu uliounganishwa na mashine iliyozimwa unaokota mvumo kutoka kwa nyaya za ukutani na chaja, na wewe umeukuza hadi ukavuka kizingiti. Shusha gain mpaka kusoma kukome, kisha cheza wimbo na upandishe taratibu hadi kloki ishike, uache hapohapo. Chomoa waya usipoutumia. Kama mvumo unarudi kila ukichomeka chaja ya laptop, njia mbili za ethi zinazungukana. Nenda kwa wanaofunga redio za magari uombe kile kidude cha kuondoa mvumo, chenye transfoma ndogo mbili ndani. Mapigo mafupi yanapita bila taabu.

*Assalaam aleikum dada yangu. Nimezaliwa Zanzibar, naishi Hamburg. Nina TR-606 ya zamani, mashine ya ngoma ya Roland, na nimeunganisha tundu lake la SYNC na moduli zangu. Mwanzo nilitumia waya wa MIDI, hakikutokea kitu. Nikatengenezewa waya mwingine, sasa kloki inapita kwenye A-160, moduli ya kugawa kloki, nikachukua tundu la 8, lakini mashine ya ngoma inakwenda nne na sikwensa inakwenda tatu. Nikisimamisha na kuanza tena, huanzia pengine. – Wa Shangani, sasa Hamburg*

Waaleikumu ssalaam, na salamu za huku nyumbani. Plagi ya SYNC na ya MIDI ni ileile ya pini tano, na hilo limewapotezea muda watu wengi. MIDI ilikuja mwaka 1983 ikaikuta plagi hiyo tayari kwenye vyombo vya Roland; 606 yako ni ya 1981. Lakini pini haziendani. MIDI inatumia pini 4 na 5, na 2 ni ya ngao. Sync ya Roland inatuma kloki kwenye pini 3, amri ya kuanza na kusimama kwenye pini 1, na ethi kwenye 2. Pini 1 na 3 ni zile za pembeni kabisa, na nyaya nyingi za MIDI hazina shaba yoyote pale. Huo wa kwanza ulikuwa mtupu.

Hesabu sasa. Roland inatoa mapigo 24 kwa biti. Sikwensa yako inataka 4 kwa biti, yaani ugawe kwa 6. A-160 inagawa kwa 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Angalia utakavyopata: 12, 6, 3, na kuendelea kushuka. Nne haimo popote! Ulipochukua tundu la 8 ukapata tatu kwa biti, na tatu ndizo ulizozisikia. A-160 haina kosa, inagawa kwa mbili mbili tu, na sita ina tatu ndani yake. Tafuta kigawanyo kinachogawa kwa 3, kiweke mbele, kisha matokeo yake yaingie A-160 uchukue tundu la 2. Au kama moduli yako ya kloki inakubali kuambiwa kuwa inapokea 24 kwa biti, iambie, uachane na vigawanyo.

Kuanzia pengine: kigawanyo kinahesabu. Ukisimamisha mashine katikati, kinabaki na hesabu ya nusu kichwani, na ukianza tena kinaendelea nayo. Kinahitaji riseti, na riseti unayo kwenye pini 1. Ila usiichomeke moja kwa moja. Pini 1 hukaa volti 5 muda wote mashine inapocheza na hushuka sifuri ikisimama, na vigawanyo vingi hubaki kimya kabisa kwa muda wote ambao riseti iko juu. Utapiga "start" na usisikie chochote. Ipitishe kwenye moduli ya kugeuza ishara kwanza. Hapo inakuwa juu mashine ikisimama, na inaachia papo hapo unapoanza. Kama baada ya hayo yote sikwensa bado iko nyuma kwa hatua moja isiyobadilika, ni tabia ya kigawanyo chenyewe: vingine vinatoa pigo la kwanza mara moja, vingine vinangoja vimalize hesabu. Sogeza noti zako hatua moja uendelee na maisha.

*Shikamoo mama. Tuna kikundi cha ngoma hapa Bagamoyo, na mwenzetu mmoja ana moduli. Tunataka mashine itufuate sisi, si sisi tuifuate. Inawezekana? – Kikundi cha vijana, Bagamoyo*

Marahaba wanangu, na hongereni kwa kuuliza kwa mpangilio huo. Inawezekana, lakini chagueni nani anafuatwa. Moduli ya kloki inayopokea pigo moja kwa biti na kutoa manne inapima muda kati ya mapigo mawili yaliyopita, kisha inakisia linalofuata. Mpiga ngoma mkuu anapopamba, nafasi moja ni nusu sekunde, inayofuata robo. Kwa moduli hiyo ni BPM 120, ghafla 240. Itachanganyikiwa na nyinyi mtasema ni mbovu.

Fungeni kidude cha piezo, kile kisahani cha shaba kinachotoa mlio kwenye saa za mezani, kwenye chombo kinachoshika mapigo yasiyobadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Kama kwenu ni kayamba au debe, ndiyo hicho. Kiwe ndicho chenye mapigo mengi kuliko vyote, halafu mgawe kushuka. Kugawa ni kuhesabu mapigo yaliyokwisha kupigwa, hakuna kukisia, kwa hiyo mkiongeza mwendo mashine inaongeza papo hapo.

Piezo ikipigwa kwa nguvu inaweza kutoa makumi ya volti, hivyo msiichomeke tupu. Fundi yeyote atawafungia rezista na diodi mbili za kinga kwa bei ya chai na vitumbua. Kisha ipite kwenye moduli kama hiyo A-119 niliyomwambia mwenzenu wa Tandale. Pigo moja likihesabiwa mawili, ni chombo kinaendelea kutetemeka baada ya kupigwa: pitisheni kwenye moduli inayoweza kuwa kiziwi kwa muda mfupi baada ya kila pigo, mrefu kuliko mtetemo, mfupi kuliko nafasi ya hadi pigo linalofuata.

Na mpiga debe asisimame karibu na spika ya mashine. Akianza kuisikiliza ataifuata, nayo inamfuata yeye ikiwa nyuma kidogo, na wote wawili watakuwa wanangojana huku wimbo unapungua mwendo.