Kwangu inafanya kazi, kwa mwenzangu inagoma

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa Ujiji. Nasimamia programu huria ambayo makarani wa mwalo wa Kibirizi wanaitumia kuandika mabeseni ya dagaa yanayoshushwa na kila mtumbwi. Inaendeshwa na Node, mtambo wa kuendesha JavaScript, data inakaa kwenye SQLite, hifadhidata ya faili moja, kupitia maktaba ya better-sqlite3. Juzi amejitokeza binti wa Tabora anataka kusaidia. Ameshusha msimbo, akaandika npm install, amri ya kushusha maktaba za Node, yakamwagika maandishi mekundu ukurasa mzima, yanalalamika kwamba moduli ya distutils ya lugha ya Python haipo. Na sisi hatuna Python hata mstari mmoja! Kompyuta yangu ina Ubuntu 22.04 na Node 18. Yake ni mpya, Ubuntu 24.04 na Node 22. Kwangu kila kitu kinakwenda. Faili la package-lock.json, linalofunga toleo la kila maktaba, tulilitoa kwenye hazina ya msimbo kwa sababu kila tukiunganisha matawi linaleta ugomvi. Nafikiria kumwekea node_modules yangu, folda ya maktaba zilizoshushwa, kwenye fleshi nimpe mtu wa basi. Nimeambatanisha package.json, orodha ya maktaba tunazotumia, uione. — Msomaji, Ujiji

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hiyo fleshi isubiri kwanza.

Nimeisoma package.json yako. Kwenye orodha ya vifaa vya wasanidi kuna mstari unaodai node-gyp toleo la 8. Mchawi wenu ndiye huyo. Kazi ya node-gyp ni kuita kompaila ya C++, programu inayogeuza msimbo kuwa faili ambalo kompyuta inaliendesha, pale maktaba inapolazimika kujengwa papo hapo, na yenyewe inahitaji Python. Matoleo yake ya zamani yalitegemea distutils, moduli iliyokuwa inakuja ndani ya Python. Watu wa Python walishaonya kwenye toleo la 3.10, mwaka 2021, kwamba wataiacha, na Oktoba 2023 wakaiondoa kabisa kwenye 3.12. Ubuntu yako ya 22.04 ina Python 3.10, ya binti inakuja na 3.12.

Utauliza: mbona node-gyp hiyo hiyo ipo kwangu na haijawahi kunisumbua? Kwa sababu kwako haijawahi kuamshwa. better-sqlite3 ikisakinishwa hutafuta kwanza faili lililokwisha kujengwa kwa ajili ya toleo lako la Node. Wewe unatumia toleo la 8 la maktaba hiyo, na faili la Node 18 lilikuwepo, likashuka, mambo yakaisha. Node 22 ilitoka Aprili 2024, wakati maktaba yenyewe ilishavuka toleo la 8, kwa hiyo faili la kumfaa binti halipo. Kazi inasukumiwa node-gyp, nayo inakwenda kwa Python na kukuta distutils imeshahama. Siku nyingine ukiona ukurasa mwekundu wa namna hiyo, usikae kwenye mistari ya mwisho. Panda juu mpaka uone prebuild-install, inayotafuta faili hilo, inasema haikupata faili lililo tayari. Habari yenyewe iko hapo.

Dawa ya haraka mtakayoambiwa ni kusakinisha python3-setuptools, yenye nakala yake ya distutils. Inasaidia, ila siipendi, maana kila mgeni atakayekuja itabidi umwambie hivyo hivyo. Na hata akivuka hapo, toleo la 8 linaweza kukwama kwenye kompaila, kwa kuwa V8, injini ya JavaScript iliyomo ndani ya Node 22, si ile ya Node 18. Futa mstari wa node-gyp. Npm inakuja na yake. Kisha pandisha better-sqlite3 hadi toleo kuu la sasa, peke yake, kwenye komiti yake (hifadhi moja ya mabadiliko), na usome maelezo ya mabadiliko ya kila toleo kuu unaloruka. Ningekuwa mimi ningeifanya kazi hiyo wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ikiwa haitoki: karani ana nafasi ya kujaribu bila foleni ya mabeseni mbele yake. Na usidanganyike na npm audit fix yenye --force. Hiyo ina ruhusa ya kukupandishia matoleo makuu kwa mpigo, halafu hutajua lipi limevunja lipi.

Kuhusu package-lock.json sikubaliani nawe hata kidogo. Lirudishe leo. Alama ya ^ mbele ya 8.0.0 inaruhusu chochote kuanzia hapo hadi kabla ya 9. Bila package-lock.json, yaani faili la kufuli, kila anayesakinisha anapewa kilicho kipya siku hiyo, pamoja na dependensi za dependensi (maktaba zinazotegemewa na maktaba zenu) ambazo hata majina yake hamyajui. Kwa maneno mengine, anachojenga binti sicho ulichokijaribu wewe. Ule ugomvi wa matawi una tiba: rekebisha package.json kwa mkono, kisha endesha npm install --package-lock-only. npm itapatanisha yenyewe bila kushusha node_modules nzima, na bando lako litabaki. Wageni watumie npm ci, inayofuata kufuli neno kwa neno na kukataa ikiona halilingani na package.json. Toleo la Node liandike kwenye .nvmrc na kwenye sehemu ya engines ya package.json, lakini engines peke yake hutoa onyo tu mpaka uweke engine-strict=true ndani ya .npmrc.

Sasa fleshi. Ndani ya node_modules yako mna faili lililojengwa kwa Node 18, kwake halitafunguka. Ukishamaliza mabadiliko hayo, mpelekee folda ya .npm iliyo kwenye akaunti yako, ndiyo akiba ya vifurushi ulivyokwisha kushusha. Aiweke mahali pale pale kwake, kisha aandike npm ci --prefer-offline. Atakachotafuta mtandaoni ni vile vinavyokosekana tu, likiwemo faili la better-sqlite3 la Node 22.

SWALI: Nina programu huria ndogo ya C, naitoa kwa tarball, faili moja lililofungasha msimbo wote. Nimechoka. Mtu nisiyemjua amejitolea kushika skripti za kujengea na kazi ya kutoa matoleo. Nimkabidhi? — Msomaji, Tabora mjini

JIBU: Pole kwa uchovu. Msaada upokee, ila funguo usizikabidhi.

Kisa cha xz bado kibichi. Mtu aliyejiita Jia Tan alichangia kwenye programu hiyo ya kubana mafaili kwa zaidi ya miaka miwili, na humo humo akaaminiwa kutoa matoleo. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya mwaka 2024 yakatoka na mlango wa siri. Sehemu iliyouwasha ilikuwa kwenye faili la kujengea, build-to-host.m4, ndani ya tarball. Kwenye Git, hazina ya msimbo iliyo wazi, haikuwemo. Aliyesoma Git peke yake asingeiona. Andres Freund aliishtukia kwa sababu kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde, akatangaza tarehe 29 Machi 2024.

Kwa hiyo tarball isitengenezwe kwenye kompyuta ya mtu. Itokane na tagi ya Git, yaani alama ya toleo, kwenye mashine ambayo kumbukumbu zake kila mtu anaweza kuzisoma. Orodhesha mafaili ya tarball, linganisha na ya Git, na kila lililozidi mtu aweze kueleza limezalishwa na amri gani. Huyo mgeni aanze na maelekezo ya usakinishaji na majaribio. Ruhusa ya kutoa toleo ibaki kwako na kwa mtu mmoja unayemfahamu kwa sura, hata kama yeye haandiki C.